Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Ukifika Kinigi, wilayani Musanze, chini ya milima ya Virunga, utaona kwamba saa moja ya kukaa mbele ya sokwe wa milimani ina bei tatu. Mgeni atokaye nje ya Afrika hulipa dola 1,500 za Marekani. Raia wa nchi nyingine za Afrika, pamoja na mgeni mwenye kibali cha ukaazi nchini, hulipa dola 500. Mnyarwanda, na ndugu yake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hulipa dola 200. Sokwe ni wale wale, mlima ni ule ule, na saa haiongezwi hata dakika moja kwa yule aliyelipa zaidi. Kwa sababu hiyo, mtu wa Batsinda akiuliza ni haki gani hii inayompima mtu kwa pasipoti kabla ya kumfungulia lango, swali lake linastahili jibu la heshima.

Wapo wanaosema kwamba huu ni ubaguzi. Wapo wengine wasemao kwamba mgeni ana fedha, basi na akamuliwe. Maoni haya mawili yanapingana, lakini yana kosa moja: yote yanadhani kwamba jambo hili limezaliwa jana. Sivyo. Desturi ya kumtoza mgeni zaidi ya mkaazi ina umri wa zaidi ya miaka 100 katika Afrika Mashariki. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu, nalo ni hili: mwenyeji ni nani?

Tuanze na wakati wa wakoloni. Mwaka 1896, gavana wa Afrika Mashariki ya Wadachi, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyomtaka kila mwindaji awe na kibali cha kulipia. Mwezi Mei mwaka 1900, wajumbe wa madola ya Ulaya yaliyokuwa na makoloni Afrika walikutana London wakatia sahihi mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa bara hili. Katika mkutano huo hapakuwa na mwakilishi wa watu walioishi na wanyama hao. Kwa upande wa Waingereza, sheria ya mwaka 1909 katika nchi ambayo leo ni Kenya ilipanga bei waziwazi. Mwindaji mgeni aliyekuja kwa matembezi alilipa pauni 50 kwa kibali cha mwaka. Mlowezi wa Kizungu, aliyehesabiwa kuwa mkaazi, alilipa pauni 10. Mwaka huo huo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Safari yao ilipokwisha, kwa hesabu yake mwenyewe, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512.

Tafadhalini tuitazame hesabu hiyo kwa makini. Mgeni alilipa mara tano ya mlowezi. Kanuni ilikuwa ile ile tunayoiona leo langoni: mgeni azidishiwe, mwenyeji apunguziwe. Lakini aliyeitwa mwenyeji ni mtu aliyeshuka melini miaka michache tu kabla ya Roosevelt. Mkamba, Mndorobo au Mmasai, ambaye babu zake walizikwa katika nyika ile, hakuwa mgeni wala mwenyeji. Alipochukua upinde wake kama alivyofundishwa na baba yake, aliitwa jangili akatiwa pingu. Na aliyemtia pingu, ndugu zangu, mara nyingi alikuwa askari Mwafrika aliyetumwa kuilinda mali ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuigusa.

Katika milima yetu ya Virunga mambo yalikwenda njia hiyo hiyo. Mwezi Oktoba mwaka 1902, afisa wa jeshi la Wadachi, Kapteni Robert von Beringe, alikuwa akipanda mlima Sabyinyo. Aliona kundi la nyani wakubwa weusi ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajawaandika vitabuni, akawapiga risasi wawili. Mmoja alipelekwa Berlin, na mpaka leo jina la kitaalamu la sokwe hao limebeba jina la kapteni huyo. Mwaka 1921, Mwana wa Mfalme Wilhelm wa Sweden aliua sokwe 14 katika milima hiyo. Mwaka huo huo alikuja Mmarekani Carl Akeley, na msafara wake ukaua watano kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Hata hivyo, Akeley alipowatazama aliowaua, moyo wake ulibadilika, akaanza kuwashawishi wakubwa wa Ubelgiji wailinde milima ile. Ndipo mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji alipotangaza hifadhi iliyopewa jina lake upande wa Kongo, na mwaka 1929 ikapanuliwa mpaka upande wa Rwanda.

Hifadhi hiyo iliokoa sokwe, na jambo hilo hatuna budi kulikubali. Lakini iliwekwa kwa ajili ya wataalamu, na jirani wa mlima akaachwa nje ya uzio wa sheria. Yeye alikuwa akifuata kuni, maji, asali na mianzi huko, na sasa kila hatua yake ikawa kosa. Mtu asiyepata faida yoyote kwa mti hana sababu ya kuulilia ukikatwa. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba ardhi ya hifadhi ilipoanza kumegwa ni wachache walioona uchungu. Mwaka 1958 ilimegwa kwa ajili ya wakulima. Mwaka 1969 zikakatwa karibu hekta 10,000 ili lipandwe pareto, zao la dawa ya wadudu lililotakiwa na viwanda vya Ulaya. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970, zaidi ya nusu ya msitu uliokuwa hifadhini upande wa Rwanda ilikuwa imekwisha kutoweka. Hesabu ya mwaka 1981 iliwakuta sokwe 254 tu katika Virunga nzima, yaani Rwanda, Uganda na Kongo pamoja.

Katika hali hiyo ndipo mwaka 1979 ulipoanza mpango mpya. Badala ya kulima msitu, watu wachache wapelekwe kuwatazama sokwe kwa utaratibu, nao walipe. Fikira hiyo haikuwa ngeni katika Afrika Mashariki. Mwezi Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba serikali yake itawahifadhi wanyama kwa ajili ya wajukuu wa Afrika, na akasema wazi kwamba kazi hiyo inahitaji utaalamu, watu na fedha, na kwamba wanayatazamia mataifa mengine yashirikiane nao. Hapo ndipo mantiki ya ada ya mgeni ilipogeuka. Wakati wa Roosevelt, mgeni alilipia ruhusa ya kuua. Baada ya uhuru, mgeni aliombwa kulipia gharama ya kutunza.

Na gharama hiyo ni nini hasa? Ninyi mnaijua kuliko sisi. Vita vilipoanza mwezi Oktoba mwaka 1990, milima ya Virunga iligeuka uwanja wa mapambano. Wapiganaji wa RPA walikaa katika baridi ya miamba ile, na mwezi Januari mwaka 1991 wakateremka mpaka mji wa Ruhengeri. Mwaka 1992 sokwe dume aliyejulikana sana, aitwaye Mrithi, alipigwa risasi akafa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, waliofanya mauaji waliitumia misitu hiyo kama njia ya kurudi kushambulia, hata ikalazimu hifadhi ifungwe wakati wa mapigano ya kaskazini mwaka 1997 na 1998. Upande wa Uganda, siku ya tarehe 1 Machi 1999, watalii wanane na mlinzi mmoja wa hifadhi waliuawa huko Bwindi na kundi la wauaji hao. Mwaka huo huo wa 1999, hifadhi ya Rwanda ilifunguliwa tena. Haikufunguliwa na matangazo ya biashara. Ilifunguliwa na askari waliotembea mbele na nyuma ya wageni, wakilala msituni ili mgeni apate saa yake moja ya amani.

Hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo tunapoupata msingi wa kwanza wa haki ya bei mbili. Raia hafiki langoni akiwa na mikono mitupu. Amekwisha kulipa kabla ya kufika. Amelipa kwa kodi inayomlisha askari, inayotengeneza barabara ya kwenda Musanze, na inayomlipa mlinzi wa hifadhi mishahara hata mwezi ambao hakuna mtalii. Amelipa kwa ardhi ambayo hailimi. Wengine wamelipa kwa damu ya watoto wao. Mgeni hana deni lolote kati ya hayo, wala hatumlaumu kwa kutokuwa nalo. Lakini akija kutumia kilichojengwa na wengine kwa miaka mingi, ni sawa atoe langoni kile ambacho mwenyeji amekitoa nyumbani. Kwa hiyo bei ya mgeni si adhabu. Ni mchango wake wa kodi, unaolipwa kwa siku moja.

Msingi wa pili ni uchache. Kila kundi la sokwe hutembelewa na watu wanane tu kwa siku, kwa muda wa saa moja, ili wanyama wasichoshwe wala kuambukizwa magonjwa ya binadamu. Kitu kichache kikiuzwa kwa bei ndogo, hakiwafikii maskini. Humfikia mlanguzi, ambaye hukinunua asubuhi na kukiuza jioni kwa bei anayoitaka.

Hata hivyo, ada kubwa peke yake haileti haki, na historia yetu wenyewe imetuonyesha hivyo. Mwaka 2005 Rwanda ilianza kuwagawia majirani wa hifadhi asilimia 5 ya mapato. Mwezi Mei mwaka 2017, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona sokwe kutoka dola 750 mpaka 1,500, na wakati huo huo ikaongeza fungu la majirani kuwa asilimia 10. Hilo lilikuwa jema. Lakini bei ile ya 1,500 iliwekwa kwa watu wote, na ile nafuu ya zamani ya wenyeji ikaondolewa. Mnyarwanda aliyetaka kuwaona sokwe wa nchi yake akawa sawa na mgeni aliyetoka ng'ambo kwa ndege. Usawa wa namna hiyo unafanana na kuwapa tembo na mbuzi mzigo mmoja.

Fundisho lilikuja mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege duniani kote, na mgeni wa dola 1,500 hakuja tena. Hifadhi zilipofunguliwa mwezi Juni mwaka huo, bei ya dola 200 iliwekwa kwa Wanyarwanda na raia wa Jumuiya, na dola 500 kwa wageni wakaazi. Wakati wa shida, aliyeitwa ni ndugu wa nyumbani. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda, lakini fikira yake haikufa, na tangu mwaka 2024 utaratibu wa bei tatu ndio unaotumika. Nasi tunasema: mwenyeji anayekumbukwa wakati wa njaa, asisahauliwe wakati wa mavuno.

Majirani zetu nao wanafanya vivyo hivyo. Uganda, tangu Julai 2024, humtoza mgeni wa mbali dola 800 kuwaona sokwe, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 300,000 za Uganda. Kenya, kwa miaka mingi kabla ya mwaka 2025, ilimtoza mgeni dola 60 kuingia Amboseli wakati mwananchi alilipa shilingi 860. Narok, wanaosimamia Masai Mara, tangu mwaka 2024 humtoza mgeni dola 100 nusu ya kwanza ya mwaka na dola 200 nusu ya pili, wakati nyumbu wanapovuka mto. Tanzania humtoza raia wa Jumuiya shilingi 10,000 kuingia Serengeti, na mgeni wa mbali mara nyingi zaidi ya hapo.

Wapo wanaodhani kwamba hii ni tabia ya nchi maskini peke yake. La, hasha. Marekani yenyewe imebishania jambo hili mpaka katika mahakama yake kuu, na hukumu zake mbili zinafaa kutafakariwa. Jimbo la South Carolina lilikuwa likitoza mashua ya wavuvi wa kamba wa jimboni dola 25, na mashua ya kutoka jimbo jingine dola 2,500. Mwaka 1948 mahakama ilikataa, kwa sababu wavuvi wale walikuwa wakitafuta riziki, na ada ile ilikuwa ukuta wa kuwazuia wasile. Lakini jimbo la Montana lilimwachia mkaazi wake awinde kulungu wakubwa kwa dola 9, huku mgeni akilazimika kununua kibali cha dola 225. Mwaka 1978 mahakama hiyo hiyo iliruhusu, ikisema kwamba uwindaji ule ulikuwa wa burudani na si wa kujipatia maisha. Na tangu Januari 2026, serikali ya Marekani humtoza mgeni asiye mkaazi dola 100 zaidi katika hifadhi zake 11 mashuhuri, na kibali cha mwaka ambacho mkaazi hukinunua kwa dola 80, mgeni hukinunua kwa dola 250.

Katika hukumu hizo mbili kuna kipimo ambacho hata mzee wa kijijini angekikubali: katika starehe mgeni aweza kuzidishiwa bei, lakini katika riziki asifungiwe mlango. Kumwona sokwe ni starehe njema. Kuvuka mpaka wa Rubavu ukiwa na kapu la nyanya ni riziki. Askari anayechanganya mambo haya mawili, akamwona mama mchuuzi wa Goma kama mtalii wa kukamuliwa, ameikosea sheria na ameikosea nchi.

Tena kuna fundisho la ujirani. Wazee mnakumbuka Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Miongoni mwa manung'uniko ya wakati huo, Tanzania ililalamika kwamba watalii walilala na kutumia fedha Kenya, wakapita Serengeti kwa siku chache tu na kuiachia Tanzania vumbi la matairi. Mwaka 1977 mpaka ulifungwa, magari ya watalii kutoka Kenya yakazuiliwa, na lango la Bologonja, linalounganisha Serengeti na Masai Mara, halijarudi kuwa njia ya watalii mpaka leo. Nyumbu huvuka kila mwaka bila kuulizwa pasipoti, lakini binadamu huzunguka. Mpaka wenyewe ulikaa umefungwa hadi mwaka 1983. Ndiyo maana Rwanda, iliyoingia katika Jumuiya mpya mwaka 2007, imefanya vyema kumweka Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi na ndugu wengine wa Jumuiya katika bei moja na Mnyarwanda. Soko la pamoja lililoanza tarehe 1 Julai 2010 haliwezi kukaa katika makaratasi tu. Ni lazima lionekane langoni.

Sasa tumrudie mtu wa Batsinda. Batsinda, katika sekta ya Kinyinya, wilayani Gasabo, ni mahali panapojua maana ya kupisha. Miaka ya 2007 na 2008, watu wa Kiyovu ya chini, katikati ya Kigali, waliondolewa ili mji ujengwe upya, na wengi wao wakapelekwa Batsinda, mbali na soko na kazi walizozizoea. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba ardhi ya taifa ni mali yake, atakutazama usoni aone kama unamaanisha unachokisema. Hali hiyo hiyo wanaifahamu waliopisha na waliopishwa huko Akagera. Mwaka 1997 hifadhi ile ilipunguzwa zaidi ya nusu ili Wanyarwanda waliorudi kutoka uhamishoni wapate mahali pa kulima na kuchunga. Baadaye iliyobaki ikatunzwa upya, simba wakarudishwa mwaka 2015 na vifaru weusi mwaka 2017. Na katika Kinigi, serikali ina mpango wa kuipanua hifadhi ya Virunga, jambo ambalo litazihamisha familia kutoka mashamba yao. Sokwe wameongezeka, hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 ikawakuta 604 katika Virunga, nao wanahitaji nafasi. Ni habari njema. Lakini kila habari njema ya sokwe ina mwananchi aliyesogea.

Kwa hiyo jibu letu kwa mtu wa Batsinda ni hili. Ndiyo, ni haki mgeni alipe zaidi. Lakini haki hiyo inasimama juu ya miguu mitatu, na mguu mmoja ukivunjika, chote huanguka.

Mguu wa kwanza ni kwamba fedha ya mgeni ifike kwa aliyepisha. Ile asilimia 10 ionekane katika shule, zahanati na matangi ya maji ya vijiji vya jirani. Nyati akila viazi vya mjane wa Kinigi, fidia imfikie kabla msimu mwingine haujaingia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji asipone, basi mgeni huyo amekuja kwa nani?

Mguu wa pili ni kwamba mwenyeji naye aingie. Dola 200 si kitu kwa mgeni wa hoteli kubwa, lakini kwa askari wa cheo cha chini, kwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa mwendesha pikipiki wa Batsinda mwenye watoto wanne, ni fedha nyingi mno. Tunao askari waliolinda msitu ule kwa miaka, wakazijua njia zake usiku na mchana, ambao watoto wao wanamjua sokwe kwa picha iliyo katika noti na vitabu vya shule. Tunapendekeza kwa wanaohusika kwamba zitengwe siku katika miezi ambayo wageni ni wachache, na nafasi fulani zitolewe kwa wanafunzi, kwa familia za vijiji vya jirani na kwa familia za walinda usalama, kwa bei ambayo mshahara wao unaiweza. Mtoto aliyemwona sokwe kwa macho yake hatakuwa jangili, wala hatamficha jangili.

Mguu wa tatu, ndugu maafisa na askari, uko mikononi mwenu. Bei tatu maana yake ni kwamba mtu mwenye sare au kitambulisho cha kazi atamwuliza mwingine: wewe ni nani, watoka wapi? Katika nchi nyingine hilo ni swali dogo. Katika nchi hii si dogo. Wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila katika vitambulisho vyetu katika miaka ya 1930, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, maandishi hayo yaliamua nani aishi na nani afe. Baada ya hapo taifa liliyafuta. Kwa sababu hiyo, yeyote anayesimama langoni na kuomba karatasi za mtu ana wajibu wa kuwa na adabu maradufu.

Sheria ya ada inauliza uraia au ukaazi, basi. Haiulizi rangi, wala lafudhi, wala urefu wa pua, wala jina la babu. Mzungu aliyepata uraia wa Rwanda ni Mnyarwanda mbele ya lango. Kijana mweusi aliyezaliwa London na mwenye pasipoti ya Uingereza ni mgeni, hata akisema Kinyarwanda kama bibi yake. Mtanzania asiyejua neno la Kinyarwanda ni ndugu wa Jumuiya, na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii, kinatosha kumkaribisha. Karatasi isomwe, irudishwe kwa mkono wa heshima, na safari iendelee. Tofauti ya dola 1,300 kati ya mgeni na mwenyeji ni kishawishi kikubwa kwa mwenye tamaa. Atatokea mtu atakayetaka kuandikwa mkaazi asiyekuwa mkaazi, naye atafunga noti ndani ya pasipoti. Askari akiipokea noti hiyo, ameiibia shule ya Kinigi kwa mkono wake mwenyewe.

Katika mwaka 1909, askari Mwafrika alisimama akilinda wanyama wa watu wengine dhidi ya ndugu zake. Leo anayesimama pale analinda mali ya taifa lake, na fedha anayolipa mgeni ni heshima kwa kazi hiyo. Tofauti kati ya askari hawa wawili haionekani katika bunduki wala katika sare. Inaonekana pale jirani wa mlima anapopita karibu na lindo, na kujua kwamba aliye ndani analinda kwa ajili yake pia.